Sura ya Tano: Basi Halipo, Halafu Yanakuja Matatu

Simama kituo chochote kikubwa cha Dar es Salaam saa 12:30 asubuhi, iwe Manzese, Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto, na hutakaa sana kabla hujalisikia swali hili. Mwanafunzi analiuliza huku akichungulia saa kwenye simu ya jirani yake. Mama mwenye ndoo ya maandazi analiuliza kwa kusonya tu. Inakuwaje nusu saa nzima ipite hakuna kitu, halafu yaje mabasi matatu yakifuatana, la kwanza watu wananing'inia mlangoni na la tatu viti vitupu?

Majibu ya kituoni hayakawii. Madereva wanapiga soga huko mwisho wa ruti. Mabasi machache, waongeze. Foleni. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na lile la mabasi machache lina zaidi ya chembe. Ila hakuna hata moja linalojibu kilichoulizwa. Kama mabasi ni machache, hayo matatu yametoka wapi kwa mpigo mmoja?

Neno tutakalolitumia sura nzima ni mwanya: muda unaopita tangu basi moja liondoke kituoni hadi linalofuata lifike. Abiria haoni idadi ya mabasi ya kampuni, wala haoni ratiba iliyobandikwa ofisini. Anachokiona ni mwanya. Ruti yenye mabasi kumi yaliyoachana sawasawa inaweza kumfaa kuliko ruti yenye kumi na tano yanayokuja kwa mafungu. Na mianya kuwa sawa hutegemea mambo mawili ambayo watu wa mipango hupenda kuyaweka mwisho: dereva analipwaje, na nani amepewa mamlaka ya kumwambia asubiri.

Wastani wa ofisini na wastani wa kituoni

Tuchukue ruti ya kubuni. Ina mabasi sita kwa saa, na kituoni anafika abiria mmoja kila dakika. Mabasi yakija kwa mwanya wa dakika 10, mwenye bahati atafika pamoja na basi, asiye na bahati atasubiri dakika 10, na kwa wastani kila mtu atasubiri dakika 5. Hapo hakuna ubishi.

Sasa mabasi yale yale sita yaje mawili mawili. Linafika la kwanza, dakika 2 baadaye linafika mwenzake, kisha kimya cha dakika 18, ndipo yanakuja mengine mawili. Kwenye karatasi za ofisi hakijabadilika kitu. Bado ni mabasi sita kwa saa, bado wastani wa mwanya ni dakika 10, mafuta yameungua yale yale. Lakini hesabu watu. Katika kila dakika 20 wanafika abiria 20. Kati yao 18 wameangukia mwanya mrefu, nao wanasubiri dakika 9 kwa wastani. Wawili tu ndio walioangukia ule mfupi. Wanasubiri dakika moja. Ukiwachanganya wote 20 unapata wastani wa dakika 8.2. Kusubiri kumeongezeka kwa zaidi ya nusu, na hakuna basi hata moja lililotolewa barabarani.

Tazama na viti. Basi la kwanza limebeba watu 18, la pili wawili. Ofisi itaandika: wastani wa abiria 10 kwa basi, nafasi ipo tele. Waulize abiria wenyewe, na 18 kati ya 20 watakuambia walibanana mpaka vifungo vikakatika. Hapo hakuna mwongo. Ofisi imehesabu mabasi, abiria wamehesabu basi walilopanda wao.

Ndiyo maana kikao cha watoa huduma na abiria huwa kigumu. Upande mmoja unakuja na takwimu sahihi, upande wa pili unakuja na hasira sahihi.

Basi huchelewa kwa sababu limechelewa

Mabasi hugandana vipi? Fikiria mabasi mawili ya mwendokasi, yale yenye njia yao ya peke yake, yametoka Kimara yakiwa yameachana dakika 5. Kituo cha tatu, mlango wa la kwanza unagoma kufunga kwa sababu kijana mmoja ameingiza bega na mkoba, na walio ndani hawataki kusogea. Dakika moja inakwenda. Jambo dogo, la kila siku.

Lakini wakati mlango unagombaniwa, kituo kinachofuata watu wanaendelea kufika. Basi likifika huko linakuta abiria wa dakika 6 badala ya wale wa dakika 5. Kuwapakia kunachukua muda zaidi, kwa hiyo linachelewa zaidi, kwa hiyo kituo cha mbele linakuta watu wengi zaidi. Nyuma yake mambo ni kinyume. Basi la pili linakuta vituo vimekwishafagiliwa, abiria wachache, milango inafunguka na kufunga, linakwenda mbio. Yakifika Ubungo, dakika 5 zimekuwa 3. Magomeni yanaonana. Kuanzia hapo hadi Kivukoni yatakwenda kama yamefungwa kamba, na nyuma yao kuna mwanya mrefu ambao basi la tatu litaulipia.

Katika mfano huu hakuna dereva mzembe. Mwaka 1964 wanahisabati wawili, Gordon Newell wa Marekani na Renfrey Potts wa Australia, walionyesha kwa hesabu kwamba ruti ya mabasi ikiachwa ijiendeshe yenyewe itagandana tu. Mwachano sawa ni kama yai lililosimamishwa kwa ncha: halihitaji kusukumwa kwa nguvu ili lianguke. Kwa hiyo kazi ya ratiba haiishi pale mabasi yanapotoka kwa zamu. Hapo ndipo inapoanza.

Kivukoni kuna mfano mzuri kuliko wangu wa mlango. Kituo cha mwisho cha mwendokasi kiko jirani na kivuko cha Kigamboni, na pantoni haileti abiria mmoja kila dakika. Inawamwaga mamia kwa pamoja, na baiskeli zao na matenga yao, kisha kimya mpaka pantoni nyingine. Msimamizi anayetoa mabasi kwa saa ya ukutani tu atatuma basi nusu tupu dakika moja kabla pantoni haijagusa gati, kisha linalofuata lizamishwe na umati. Mgandano unazaliwa kituo cha kwanza kabisa. Msimamizi anayetazama maji kabla ya kutazama saa ataweka mabasi mawili tayari, milango wazi, na kuyatoa kwa kuachanisha.

Vitu vinavyopunguza ugonjwa huu vinajulikana, na vyote vinahusu dakika zinazopotea mlangoni:

- tiketi ikatwe kabla ya kupanda;
- milango iwe mingi, mmoja wa kushuka usigombanishwe na wa kupanda;
- sakafu ya basi ilingane na jukwaa, ili mzee, mjamzito na mwenye mzigo wasipande ngazi.

Mwendokasi ilijengwa na mambo hayo matatu. Na tuseme haki ya daladala pia: konda anayekusanya nauli gari likiwa linatembea ameokoa muda ambao miji mikubwa ya Ulaya iliupoteza kwa miaka mingi, dereva akihesabu chenji huku injini inaunguruma. London iliacha kupokea fedha taslimu ndani ya mabasi Julai 2014 tu.

Ratiba iliyofichwa ndani ya hesabu ya tajiri

Watu husema daladala hazina ratiba. Zinayo. Haikuandikwa popote, lakini ukielewa fedha inavyotembea unaweza kuitabiri.

Shirika la mabasi la UDA liliundwa mwaka 1974 kuhudumia jiji. Jiji likakua, mabasi yakapungua kwa kukosa vipuri na fedha, na magari ya watu binafsi yakaanza kupakia abiria kwa kujificha hadi yaliporuhusiwa rasmi mwaka 1983. Tangu hapo utaratibu wa msingi haujabadilika sana. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, kiasi kilichopangwa, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni juu ya walio barabarani. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndiyo riziki ya dereva na konda, na ya deiwaka kama kuna aliyewashikia zamu.

Kutoka kwenye sentensi hizo tatu ratiba nzima inajitokeza. Mwisho wa ruti gari haliondoki mpaka lijae, kwa sababu kiti kitupu ni hasara ya dereva peke yake. Atakayekuwa kituo cha tano anakuta limejaa. Njiani, aliye mbele ndiye anayeokota, hivyo gari mbili za ruti moja zitafukuzana. Lakini kama nyuma hakuna mtu, dereva anajivuta kituoni, mpiga debe anaita "wawili tu, wawili tu" kwa dakika saba. Saa za watu wengi, safari fupi tatu zinalipa kuliko ndefu moja, ndipo ruti inakatishwa na abiria wa mwisho wanashushwa njiani. Mchana abiria wakipungua, gari linaegeshwa chini ya mwarobaini.

Abiria nao wamejifunza. Nenda Kariakoo au Posta saa 11 jioni utazame wanaogeuza na gari. Dada aliyetoka kazini hangoji gari la kwenda kwao. Anavuka barabara, anapanda lile lile likiwa bado linaelekea mwisho wa ruti, anakaa dirishani, analipa nauli ya kwenda mahali asikokwenda, gari linageuza, analipa tena. Wenzake wanaosubiri upande wa pili wanamwona ameshakaa kabla mlango haujafunguliwa, na wenye ubavu wanaingilia dirishani. Huyo dada amejinunulia ratiba kwa nauli mbili. Ukitaka kujua gharama ya mianya mibovu ndani ya jiji, anza kwa kuhesabu nauli za kugeuza.

Kumgombeza konda kwa haya yote ni kugombeza hesabu ya kujumlisha na kutoa. Faini za kukatisha ruti zinasaidia palipo na askari. Anapoondoka, hesabu ya tajiri bado iko pale pale.

Seoul ilikuwa na shida inayofanana na hii. Kampuni binafsi zilishindania abiria, zikajazana kwenye ruti zinazolipa na kuzikimbia zisizolipa. Julai 2004 mamlaka ya jiji ilichukua upangaji wa ruti, nauli na ratiba, ikawa inazilipa kampuni kwa umbali ziliotembea kulingana na ratiba badala ya kuziachia nauli. Mabasi yakapakwa rangi kulingana na kazi: bluu kwa ruti ndefu za kuvuka jiji, kijani kwa yanayolisha treni na ruti kubwa, nyekundu kwa ya kwenda miji ya pembeni, njano kwa ya kuzunguka katikati. Siku za mwanzo mfumo wa kadi uligoma na wananchi wakawaka. Baadaye ukatulia, na sababu ya dereva kumfukuza mwenzake ikawa imekwisha.

Sisemi dawa hiyo haina madhara. Anayelipwa kwa kilomita anaweza kutembeza basi tupu akafurahi, na nakisi ya nauli lazima ibebwe na mtu, ambaye mara nyingi ni mlipakodi. Mkataba mzuri hulipa kilomita lakini unakata pale mianya inapoharibika. Nitarudi kwenye hilo.

Kwa kifupi hadi hapa: mabasi hugandana yenyewe hata kila mtu akifanya kazi yake, malipo ya hesabu yanauongezea ugonjwa huo kasi, na takwimu za wastani huuficha.

Ruti inahitaji mabasi mangapi?

Hapa kuna hesabu ambayo kila abiria anapaswa kuijua, maana ndiyo inayotumika kumjibu akilalamika.

Anza na mzunguko: muda tangu basi liondoke kituo cha mwanzo hadi liwe tayari kuondoka tena hapo hapo. Tuseme kwenda ni dakika 45, kurudi 45, na kila mwisho basi linatulia dakika 5. Mzunguko ni dakika 100. Ukitaka mwanya wa dakika 5, gawanya 100 kwa 5: unahitaji mabasi 20. Hilo tu.

Foleni ikirefusha safari iwe dakika 60 kila upande, mzunguko unakuwa 130, na mwanya ule ule sasa unadai mabasi 26. Umenunua mabasi sita ya kusimama kwenye foleni. Geuza upande wa pili: ukipata njia ya peke yake ikakupunguzia dakika 10 kwenda na 10 kurudi, mzunguko ni 80 na mabasi 16 yanatosha. Manne umeyapata bila kwenda bandarini. Ndiyo maana wataalamu hulilia njia za mabasi kabla ya mabasi yenyewe. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilianza kubeba abiria Mei 2016, mabasi 140 kwenye njia ya kilomita 21 hivi, na Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Njia ile inastahili sifa. Lakini njia ya peke yake inaondoa foleni tu; mianya bado inahitaji mtu wa kuipanga.

Zile dakika 5 za mwisho wa ruti ndizo zinazoonekana kama madereva kupiga soga. Ndani yake dereva anakwenda msalani, anakunywa chai, na muhimu kuliko yote, ratiba inapata pa kupumulia. Basi lililochelewa dakika 4 likifika mwisho wenye dakika 5 za akiba, safari inayofuata inaondoka kwa wakati. Likifika mwisho usio na akiba, kuchelewa kulikotokea saa 1 asubuhi kutasafiri na basi hilo mpaka saa 4. Mkuu wa idara anayefuta dakika hizo ili apate safari moja zaidi kwa siku huwa anaipata kwenye karatasi tu.

Halafu kuna hesabu ya abiria. Usiwahesabu mwanzo wa ruti, wala usitumie tiketi za siku nzima. Nenda mahali ambapo mabasi yanapita yakiwa yamejaa kuliko kwingine kote, hesabu waliomo ndani katika saa moja nzito zaidi. Tuseme ni watu 1,500 wanaopita Manzese kuelekea mjini, na basi linabeba 100 bila kuvunjana mbavu. Unahitaji mabasi 15 saa hiyo, moja kila dakika 4. Kwa mzunguko wetu wa dakika 100 hayo ni mabasi 25.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu waliopanda na kusahau walioachwa. Mama aliyeacha mabasi matatu yapite kisha akapanda bajaji hayumo kwenye tiketi yoyote. Kwa ofisi, hakuwahi kuwepo.

Asubuhi wote Posta, jioni wote nyumbani

Jiji letu limeegemea upande mmoja. Ofisi, mahakama, benki, soko la Kariakoo na bandari viko karibu karibu, na watu wanalala Kimara, Mbezi, Mbagala, Tegeta. Asubuhi basi linakwenda mjini limefurika na kurudi na abiria wa kuhesabika kwa vidole. Jioni ni kinyume.

Ndipo linapotokea jambo linaloudhi kuliko yote: basi tupu linapita kituoni bila kusimama. Mara nyingi ni uamuzi mzuri uliowasilishwa vibaya. Basi lililomwaga abiria Kivukoni likirudi Kimara bila kusimama linaweza kuokoa dakika 10, likawahi kubeba shehena nyingine ya asubuhi. Kwa waliobanwa Kimara ni msaada. Kwa aliyesimama Fire akielekea Ubungo ni tusi. Kinachofaa ni baadhi ya mabasi yarudi hivyo na mengine yasimame kila kituo, na kioo cha mbele kiandikwe wazi. Abiria anayejua kwamba lile halisimami na linalofuata linasimama hasonyi kwa nguvu ile ile.

Njia nyingine ni kugeuza baadhi ya mabasi katikati ya ruti. Kama mzigo mkubwa unaanzia Ubungo, si lazima kila basi litokee Kimara likiwa limeshajaa. Mengine yaanzie Ubungo matupu, yawakute watu wa Manzese na nafasi. Inafanana na kukatisha ruti, lakini hapa abiria amejua kabla ya kupanda. Mvua za masika hulazimisha jambo hilo hilo kwa ubabe: Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, mabasi ya kwenda mjini hugeuzia Magomeni. Mafuriko ya Jangwani ni ya kutegemewa kama Ramadhani. Kwa hiyo ratiba ya siku ya mafuriko ingepaswa kuwepo kabatini, imeandikwa tayari: mabasi mangapi upande wa Kimara, mangapi yabaki upande wa mjini, kwa mwanya gani. Kuipanga saa 11 alfajiri maji yakiwa magotini ni kuchelewa.

Kuna pia wasiofuata mkumbo. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Muhimbili anakwenda nyumbani wakati wenzake wanakuja mjini. Mchuuzi wa samaki anatakiwa Feri kabla ya jua kuchomoza. Ratiba iliyotengenezwa na watu wa ofisini hupenda kuchukulia kwamba kila mtu anaingia kazini saa 2.

Mwanya au dakika?

Swali linaloulizwa sana na wasomaji wa mambo haya: kwa nini tusibandike saa kamili kila kituo, kama tunavyosikia nchi nyingine?

Inategemea ruti. Basi likija kila dakika 10 au chini ya hapo, abiria hatazami ratiba, anatoka tu nyumbani. Huyo mpe mwanya sawa. Kujua kwamba basi lilitakiwa saa 1:07 na sasa ni 1:09 hakumsaidii kitu. Lakini usiku, au kwenye ruti ya pembeni yenye basi moja kila nusu saa, mambo yanageuka. Hapo abiria anahitaji dakika kamili, na dakika hizo zijirudie kila saa ili zikae kichwani: saa 3:10, 3:40, 4:10, 4:40. Uswisi ilizipanga treni zake hivyo nchi nzima mwaka 1982, kila saa dakika zile zile.

Kwenye ruti ya namna hiyo kuwahi ni dhambi kubwa kuliko kuchelewa. Basi likichelewa dakika 3, abiria amepoteza dakika 3. Likiondoka dakika 2 kabla ya wakati, aliyefika sawasawa amepoteza nusu saa, na kama ni la mwisho amepoteza nauli ya bodaboda.

Mabasi machache ya mchana yanajiua pia kwa namna yake. Abiria wakipungua, mwanya unaongezwa kutoka dakika 10 hadi 20 ili kubana matumizi. Kusubiri kunakuwa maradufu, wenye uwezo wanahamia bodaboda, abiria wanapungua tena, na mwaka unaofuata kuna sababu nyingine ya kubana.

"Suka, mbona tunakaa?"

Turudi kwenye mabasi yaliyogandana. Tiba yake ya msingi ni ya kukera: basi la nyuma lishikiliwe kituoni dakika moja au mbili ili mwanya urudi. Walio ndani wanaona dereva amekaa bure, taa ni ya kijani, mbele kweupe. "Suka, mbona tunakaa? Twende!" Dereva wa daladala hawezi kukubali jambo hili hata kwa mtutu, kwa kuwa kila dakika anayokaa inambeba mwenzake aliye mbele. Dereva wa mshahara anaweza, mradi mkataba wa mwajiri wake unamlinda.

London walilifunga suala hili kwenye mikataba. Kampuni zinazoendesha mabasi hazibaki na nauli. Kwenye ruti zenye mabasi matano au zaidi kwa saa, jiji linapima muda wa ziada ambao abiria amesubiri kupita ule ambao angesubiri kama mianya ingekuwa sawa, na malipo ya kampuni hupanda au kushuka kwa kipimo hicho. Kwenye mfano wetu wa mwanzo, abiria alitarajiwa kusubiri dakika 5, akasubiri 8.2, kampuni ingekatwa kwa zile 3.2, hata kama mabasi yote sita yalitoka. Ndani ya mabasi yao kuna tangazo lililorekodiwa linalowaambia abiria kwamba basi litasubiri kidogo ili kurekebisha huduma. Watu hawalipendi, lakini angalau wanajua wanakalia nini.

Mahali pa kushikilia basi pana maana kuliko muda wenyewe. Lishikilie penye abiria wachache ndani na wengi mbele. Kwa safari za asubuhi kwenda mjini, hapo ni Kimara, kabla halijajaa. Jioni ni Kivukoni na Gerezani. Kulishikilia Magomeni asubuhi likiwa na watu mia waliosimama ni kuwaadhibu wengi kwa ajili ya wachache, na hakuna tangazo litakalowatuliza. Dakika mbili zitoshe. Zaidi ya hapo ni afadhali kuchomeka basi la akiba kwenye mwanya ulioachwa, na basi hilo liwe limeegeshwa karibu, lina dereva ndani.

Msimamizi wa zamu ndiye anayeamua yote haya, kwa simu ya upepo mkononi au mbele ya kioo kinachoonyesha kila basi liko wapi. Kwa kawaida anapimwa kwa idadi ya safari alizotoa kwenye kituo chake. Kwa kipimo hicho, kushikilia basi ni kujipunguzia alama. Apimwe kwa mianya inayoonekana Manzese kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, basi kwa basi, na taarifa ya wiki ibandikwe pale pale kituoni, abiria waisome wakiwa wanasubiri.